Nilivyomaliza mwongozo wa dripu za watoto bila jopo kuvunjika

Nilipewa ukatibu wa jopo la kuandika mwongozo wa maji ya dripu kwa watoto wanaoletwa na homa kali na dalili za shoki, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, na kiukweli kusoma tafiti hakukunitisha, walionitisha ni wakubwa zangu, maana daktari akishasema "mimi nawapa maji na wanaamka" utamjibu nini sasa.

Nikaamua kikao cha kwanza tusifungue utafiti hata mmoja. Tukae tuandike swali tu: mtoto yupi, anapewa nini, analinganishwa na nani, na tunataka kuona matokeo gani. Alafu kila mtu apange matokeo kwa alama 1 hadi 9 kama inavyotaka GRADE, ule utaratibu wa kupima ushahidi na kuandika mapendekezo, 7 kwenda juu ndo ya kufa na kupona. Kifo kikashika juu kabisa, mapigo na mzunguko wa damu kukaa sawa ndani ya saa moja ikaangukia katikati. Nikaingiza kwenye muhtasari, wakasaini.

Hapo ndo nikaleta FEAST, ule utafiti wa 2011 uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, watoto 3,141 wamegawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa bolasi, yaani maji mengi ya harakaharaka, shoki iliwatoka mapema kuliko wenzao, kwahiyo mkubwa anayesema wanaamka haongopi bana, anasema anachokiona. Ila ndani ya saa 48 walikufa zaidi ya 10 kwa kila 100, na wasiopewa bolasi kama 7. Mmoja wa wale wakubwa akasema mwenyewe "si tulishakubaliana kifo ndo cha kwanza". Bora alisema yeye, ningesema mimi tungelala pale.

Ubishi mkali ukabaki kwenye mtoto yupi, na hapo walikuwa na haki. FEAST haikuchukua watoto wa kuharisha wala wenye utapiamlo mkali, alafu hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia za ICU, sasa ukibeba matokeo yake ukamnyima maji mtoto aliyekauka kwa kuharisha utamuua. Watoto wa kuharisha tukawawekea ukurasa wao. Mwingine akataka kila pendekezo liwe la nguvu ili wodini wasizubae, nikamwonyesha kwamba uhakika wa ushahidi una ngazi nne na nguvu ya pendekezo ni kitu kingine, pale ushahidi ulipokuwa dhaifu tuliandika pendekezo la masharti, yaani si la lazima kwa kila mtoto, na sababu pembeni, hakufurahi ila akapitisha.

Nesi wa zamu ya usiku ndo alimalizia kazi: rasimu yetu ilikuwa imejaa maelezo ya tafiti, yeye akataka ukurasa mmoja tu wenye kipimo cha maji kwa uzito, kila baada ya muda gani amwangalie mtoto, na amwite nani hali ikibadilika. Tafiti zote tukazipeleka kwenye kiambatisho, pamoja na tarehe ya kuupitia upya.