Kupanda Table Mountain kwa njia ya Platteklip

Table Mountain umelikalia jiji la Cape Town kichwani, na ukaribu huo ndio unaoponza watu. Ukiutazama kutoka dirisha la hoteli unadhani ni wa kwenda na kurudi kabla ya chai.

Teksi ilitushusha Barabara ya Tafelberg alfajiri, mbele kidogo ya kituo cha kebo, kile kigari cha kwenye waya kinachopandisha na kushusha watu mlimani. Kuwahi kuna sababu: korongo la Platteklip linatazama kaskazini, na huku kusini kabisa mwa Afrika jua hupitia upande huo, kwa hiyo ikifika saa nne mawe yanachoma na kivuli hakuna. Njia ni fupi, kama kilomita 3 tu, ila unapanda zaidi ya mita 600. Ni ngazi za mawe mwanzo mwisho, tena hazilingani. Moja inakufika kwenye ugoko, inayofuata inakufika gotini. Baada ya kona chache maongezi yalikwisha yenyewe, tukabaki kuhema.

Inaaminika Mreno António de Saldanha alipita humu humu mwaka 1503, Mzungu wa kwanza kuandikwa kuwa amefika juu. (Wakhoikhoi walikuwa wakichunga mifugo chini ya mlima huu zamani kabla yake, ila wao hakuna aliyewaandika.)

Karibu na juu kuta mbili zinabanana, upepo wa baridi unapenya katikati na jasho linakauka mgongoni papo hapo. Kisha ghafla ni tambarare. Pimbi mmoja alikuwa amejilaza kwenye jabali anaota jua. Nilipita hatua mbili tu kutoka alipo, hakujishughulisha hata kugeuza shingo. Tukaendelea hadi rundo la mawe la Maclear's Beacon, mita 1,086. Huko ndiko juu kabisa, si mgahawani ambako wengi huishia.

Upepo wa kusini-mashariki ukaanza, wingu likamwagika ukingoni, honi ya kebo ikalia: abiria warudi, inafungwa. Foleni ilikuwa ndefu, tukashuka kwa miguu, na huko kushuka ndiko kulikotutesa, mapaja yanatetemeka kila ngazi. Tulipishana na watu ndio kwanza wanapanda, jua la saa sita, chupa moja ya maji kwa watu wanne. Wakauliza kama kebo ya kushukia ipo. Tukawaambia imefungwa. Wawili wakageuka nasi. Wenzao wakasema wataona huko huko.