Wanaonunua gemu ni watu wazima

Nauza gemu Kariakoo, na kila siku naulizwa, "Wateja wako si watoto wa shule?" Jamani, hapana. Anayetoa pesa ni mtu wa miaka thelathini na kitu, katoka kazini, kitambulisho cha ofisi bado kinaning'inia shingoni. Hata Marekani ni hivyo: takwimu za chama cha kampuni za gemu kule za mwaka 2024 zilionyesha wastani wa umri wa mchezaji ni miaka 36, na wanawake ni karibu nusu. Dada zetu nao wanacheza sana, ila kwenye simu, ndiyo maana dukani huwaoni.

Na wateja wangu wana hesabu kali. Tangu PS5, mashine ya gemu ya Sony, itoke mwaka 2020, gemu nyingi kubwa zimepanda kutoka dola 60 hadi 70. Huku uswahilini hiyo inazidi kodi ya chumba ya mwezi! Kwa hiyo diski iliyotumika ndiyo inayotembea. Juzi kaka mmoja aliigeuza moja kwenye mwanga, akakagua mikwaruzo, kabla hajalipa akauliza nitainunua tena kwa bei gani akishaimaliza kuicheza. Nawaheshimu sana watu hawa.

Gemu zinazoniumiza roho ni zile za "bure" kwenye simu. Mzazi alinionyesha ujumbe wa makato, vielfu viwili, vitatu, mfululizo, mtoto akimnunulia mavazi mhusika wake ndani ya gemu. Tukaweka namba ya siri kwenye manunuzi palepale. Wazazi, ipo kwenye mipangilio ya simu au ya duka la programu kama Play Store, iwekeni leo.