Kufuli ya Kasha la Babu

Jana mtoto wa dadangu kaniuliza, mtu akizijua namba zangu za siri lakini mpangilio hajui, atajaribu mara ngapi mpaka apate? Basi nikalikumbuka lile kasha.

Kasha la babu, lile la chumba cha juu kwenye nyumba yake mtaa wa Kibokoni. Babu kashafariki, hati ya nyumba imo ndani, na kufuli ni ya vigurudumu vinne, kila kimoja 0 mpaka 9, yaani mipangilio 10,000. Ami kashaleta msumeno wa chuma lakini bibi akakataa katakata, kasha la mamake halikatwi. Akasema yeye alikuwa akimuona babu akifungua, ni 2, 5 na 9, hamna nyengine.

Ami akafurahi, namba tatu si ndiyo rahisi zaidi kuliko nne? Nikamwambia hapana ami, ngoja. Zingekuwa nne mbalimbali ni 4×3×2×1, 24 basi. Lakini tatu kwa nafasi nne, lazima moja ijirudie. Tuseme ni 2, zile 2 mbili ukizibadilisha nafasi hakuna kilichobadilika, kwa hivyo 24 yagawika kwa 2, yabaki 12. Na hatujui ipi yajirudia, basi 12 mara 3, 36. Ami akanikazia macho, "Hebu hesabu tena wewe."

Nikaziandika zote safu tatu, 12 za mbili, 12 za tano, 12 za tisa. Tukaketi mkekani, mimi nasoma, ami azungusha kwa vile vidole vyake vinene, avuta, haifunguki, na bibi kila moja aikata kwa kalamu taratibu kama mtu anayehesabu tasbihi, joto limetukaba na hakuna aliyetaka kuinuka hata kufungua dirisha. 2259, 2295, 2529... Safu ya mbili ikaisha yote. Nikamwambia ami usife moyo, zimebaki 24, sasa kila moja ina nafasi 1 kwa 24, si 1 kwa 36 tena. Nikataka kuendelea na za tisa, bibi akanishika mkono. "Mwanangu, soma za tano. Babuyo na tano, namjua."

Haikufika mbali, kufuli ikaachia. Ami akapiga takbira, hati ikatoka, mambo ya nyumba yakaisha salama.

Mimi ile ya bibi ndiyo yanisumbua mpaka leo. Kwenye karatasi yangu za tano na za tisa zilikuwa nusu kwa nusu. Lakini babu hakuichagua ile namba kwa kurusha dadu, na bibi ameishi naye umri mzima, je kwake yeye pia zilikuwa nusu kwa nusu?