Nilivyoandika maisha ya Beatrice Medicine kwa Kiswahili

Nilidhani tarehe ndizo zingenisumbua. Kumbe hazikunipa shida: mwanaanthropolojia huyu (mtafiti wa jamii na tamaduni za watu) wa Kilakota, mmoja wa watu wa asili wa Marekani, alizaliwa 1923 Wakpala, Standing Rock, South Dakota. Shahada ya kwanza aliipata 1945, ya uzamili 1954, na ya uzamivu 1983 huko Wisconsin akikaribia miaka 60, baada ya kufundisha vyuo chungu nzima huku akimlea mwanawe. Alifariki 2005.

Kilichonikwamisha ni jina la ardhi yao, ile inayoitwa "reservation" kwa Kiingereza, eneo walilotengewa na serikali. Niliandika "hifadhi ya Walakota", nikamsomea baba mdogo jioni barazani. Akaninyanyulia mkono.

"Hifadhi? Mwanangu, hawa ni watu au swala?"

Nilinyamaza. Kwetu neno hilo lina geti, askari wa wanyamapori na magari ya watalii. Usiku uleule nililifuta kila lilipokuwa, nikaandika "ardhi waliyobakiziwa". Ni refu, lakini msomaji anajua kuna aliyechukua nyingine. "Wahindi Wekundu", lile jina la zamani la dharau kwa watu hawa, sikutaka hata kuligusa.

Nilipofika kwenye ukoo, Kiswahili kikanibeba. Kwa Walakota, ndugu wa kiume wa baba ni ate, yaani baba, na dada wa mama ni ina, yaani mama. Kaka wa mama ana jina lake, na dada wa baba ana lake. Kiingereza huwamwaga wote kwenye kapu la anko na anti. Mimi nilikuwa na baba mdogo, mama mkubwa, mjomba na shangazi, kila mmoja kwenye kiti chake! Kurasa zilizokuwa zimenilalia wiki nzima nilizimaliza kwa siku moja.

Ninampenda mama huyu kwa sababu hakukubali watu wake waelezwe nusu. Mwaka 1983, yeye na Patricia Albers walihariri kitabu kizima kuhusu wanawake wa asili wa nyanda za Marekani, ambao watafiti wengi waliwapita wakienda kuwahoji wanaume.

Mwisho kilibaki kichwa cha kitabu chake cha 2001, kinachosema habari ya kujifunza uanthropolojia na kubaki "Native"... yaani nani? Mzawa? Neno hilo linataja kuzaliwa tu. Mwenyeji ndiye anayepigiwa hodi, na Medicine aliishi pande zote mbili za mlango ule. Nikaandika "mwenyeji", na alama za kunukuu nikaziacha palepale alipoziweka mwenyewe.