Siku moja na fundi wa majakuzi: hita haijafa, maji hayapiti

Ukimwambia mtu unatengeneza majakuzi ya nyumbani, anacheka kwanza, kisha anauliza kama mafundi huwa mnaingia kujaribu maji. Hatuingii. Sehemu kubwa ya kazi ni kulala ubavu sakafuni, mkono umezama hadi begani kwenye uwazi mwembamba kati ya beseni na paneli, tochi mdomoni. Na simu zinazotuita kule chini huanza karibu zote kwa maneno yaleyale: "Fundi, hita imekufa."

Saa 1:00 asubuhi

Kupakia gari. Pampu ya kuzamisha, maltimita, mita ya kupima insulesheni (kinga inayozuia umeme usivuje), oringi (pete za raba) za yunioni (viungo vya mabomba vinavyokazwa kwa nati), sili za pampu, kapasita, vipimo vya maji. Ndoo za klorini zinakaa mbalimbali: trikloro na ile ya kalsiamu zikichanganyika na kupata unyevu kidogo, zinaweza kuwaka moto.

Saa 2:00

Kubadilisha maji, jakuzi la lita 1,300. Dawa ya kusafisha mabomba huwekwa kabla ya kumwaga, si baada, kwa sababu utando wa bakteria umejificha ndani ya mabomba na unahitaji maji yanayozunguka ili ubanduke. Ukipuuza hatua hii, maji mapya yanaanza kula klorini kuanzia siku ya kwanza, na waogaji wanatoka na vipele vyekundu vya bakteria aitwaye Pseudomonas chini ya nguo za kuogelea.

Wakati wa kujaza, mpira wa maji unaingizwa kwenye tundu la filta, si kutupwa katikati ya beseni. Maji yakiingilia pale yanasukuma hewa itoke kwenye mabomba. Kumbuka hilo, tutalirudia kwa machozi saa 5.

Vipimo: alkalini sehemu 40 kwa milioni, chini mno. Gramu 130 hivi za sodiamu baikaboneti zinaipeleka kwenye 100, ndipo pH inatulia kati ya 7.2 na 7.8. Kisha dikloro, klorini ya unga, gramu 7, ambayo kwa maji haya inatoa klorini 3 kwa milioni. Dikloro ni rahisi kutumia, ila kila klorini 10 inayoingia inaacha karibu 9 za asidi ya sianuriki, ambayo ikizidi inapunguza nguvu ya klorini, na hiyo haiondoki mpaka maji yamwagwe. Ndiyo maana baada ya miezi mitatu mtu anaongeza klorini kila siku na maji bado yana ukungu. Hakuna dawa ya dukani inayoponya hilo, maji yamezeeka.

Hita ikawashwa saa 4 kasoro dakika chache, maji yakiwa nyuzi 15.

Saa 4:15

Breka ya usalama inakatika kila jakuzi linapowashwa. Hapa utaratibu hauna ubishi: kata umeme kwenye swichi kuu, thibitisha kwa kipimo kwamba waya hazina umeme, chomoa waya mbili za hita na uzifunike ncha, rudisha umeme. Breka ikishika, mkosaji ni hita. Ikikatika tena, chomoa mashine ya ozoni, halafu pampu moja moja.

Ilishika. Mita ya insulesheni kwa volti 500 kati ya hita na ethi ikasoma karibu na sifuri, wakati hita nzima inatakiwa kupita megaomu 1. Ilipofunguliwa, koili ilikuwa imevaa gamba jeupe la chokaa na ala yake imepasuka upande mmoja. Maji yalisoma pH 8.2 na ugumu zaidi ya 400. Kufunga hita mpya kwenye maji hayo ni kuiandalia kifo kilekile, kwa hiyo maji yakamwagwa kwanza. Hii ndiyo hita pekee iliyokuwa imekufa kweli leo.

Saa 5:30

Mteja huyu alikuwa ameshanunua hita mpya. Iko mezani, kwenye boksi lake. "Fundi, we funga tu, usinipotezee muda." Kwenye kioo kidogo cha jakuzi zinawaka herufi tatu: FLO.

Watengenezaji hutofautiana kwa herufi, lakini ujumbe ni huohuo: maji hayapiti kwenye bomba la hita kwa kasi inayotakiwa, na ubongo wa jakuzi umeizima hita ili isiungue. Kwa maneno mengine, mashine inafanya kazi yake vizuri, na inalaumiwa kwa hilo.

Kwanza, filta. Itoe, washa. Hitilafu ikiondoka, filta imeziba: isuguliwe kwa maji ya mpira, iloweshwe usiku kwenye dawa yake. Tafadhali, si kwa mashine ya presha, inachana kitambaa. Lakini hapa hapakuwa na filta ya kutoa. Ilitupwa wiki iliyopita na mpya haijanunuliwa. Shika hilo.

Pili, valvu mbili zilizo pande zote za pampu. Vishikio viko juu, na klipu za kuvizuia visishuke zipo. Sawa.

Tatu, pampu. Inavuma vizuri, ila kwenye jeti, yale matundu ya kurushia maji, hata kipovu hakitoki. Maji yalibadilishwa jana kwa kumwagwa katikati ya beseni, na pampu imeshika hewa. Zima umeme, legeza nati ya yunioni upande wa kutolea maji, robo mzunguko tu. Hewa inafoka kwa muda, kisha matone, kisha maji mfululizo. Kaza kwa mkono. Spana inapasua nati ya plastiki, na hapo umejiongezea kazi nyingine. Washa: jeti zinasukuma, FLO imeondoka.

"Sasa tufunge hita."

Dakika kumi baadaye, FLO imerudi. Mteja akalitazama boksi, akanitazama mimi.

Maltimita, basi, ili tumalize maneno. Hita ya kilowati 3 kwenye volti 230: volti mara volti, gawanya kwa wati, unapata omu 17.6. Yake ilisoma 17.8. Insulesheni safi. Hita haina kosa lolote, na hiyo ya kwenye boksi ikifungwa itaonyesha FLO ileile. Nikamwambia hivyo. Akasema rafiki yake alibadilisha hita na jakuzi likapona. Huenda wakati wa kubadilisha, yunioni zilifunguliwa na hewa ikatoka. Rafiki akaisifu hita. Hii hutokea sana.

Jeti zilikuwa zinasukuma, lakini kwa unyonge. Pampu yenye afya ikiwa kwenye kasi ya juu unaiona juu ya maji, uso wote unachafuka. Huu ulikuwa unatikisika tu. Valvu zote mbili zikafungwa, skurubu za kichwa cha pampu zikatoka, na ndani, umejizungusha kwenye jicho la impela (gurudumu la pampu linalosukuma maji), ulikuwepo mpira wa kufungia nywele pamoja na shungi la nywele zenyewe, ukiwa umefunga karibu nusu ya njia za maji. Bila filta, kila kitu kinachoelea kinaishia hapo. Nikauweka juu ya boksi la hita.

Oringi ya kichwa ikapakwa grisi ya silikoni (ya petroli inaharibu raba), skurubu zikakazwa kwa msalaba, hewa ikatolewa tena, filta mpya ikaingia. Dakika arobaini bila FLO. Mteja aliuliza kama hita niliyokataa kufunga inaweza kurudishwa dukani. Boksi halijafunguliwa, jaribu.

Baada ya hapo

Muda wa kuangalia saa uliishia hapo. Jakuzi la mwisho linapoteza maji, na upande wote wa nyuma umejazwa povu gumu la kuzuia baridi. Povu hilo ni zuri sana kwa bili ya umeme na ni adhabu kwa fundi, kwa sababu maji yanavuja sehemu moja na kuchungulia mita moja mbali.

Kabla ya kuchimba, uliza maji yenyewe. Yakipungua pampu ikiwa imewashwa tu, tafuta upande wa presha. Yakipungua hata kukiwa kimya, yaache yashuke mpaka yasimame. Uvujaji uko kwenye usawa huo. Haya yalisimama chini kidogo ya safu ya pili ya jeti. Kwa hiyo kuchimba kukaanzia hapo, kwa mkono na kijiko cha mbao, maana kisu kinatoboa mabomba membamba ya hewa. Povu kavu, povu kavu, povu la unyevu, povu linalokamulika. Vumbi lake linaingia shingoni na kubaki huko hadi kuoga. Mwili wa jeti ulikuwa umelegea, gasketi yake imekakamaa na kupasuka. Beseni likashushwa maji, gasketi mpya, silikoni ya majini, usiku mzima wa kukauka, na tundu likaachwa wazi ili kesho tuone kabla ya kulijaza povu upya.

Nikiwa nakunja mpira, saa 12 jioni, simu ya mteja wa asubuhi.

"Fundi, hita imekufa. Ulisema nyuzi 38, inasoma 31."

Kilowati 3 kwa lita 1,300 ni takriban nyuzi 2 kwa saa, jakuzi likiwa limefunikwa. Kutoka 15 asubuhi, saa nane, nyuzi 16. Hesabu imenyooka. Zimebaki nyuzi 7, saa tatu na nusu.

"Kifuniko kiko juu, dada?"

"Hapana, tumekifungua tuone kama yanapata joto."