Shangazi alisema ni jini

Mwaka jana nilikaa miezi 3 silali. Saa tisa usiku macho makavu, nahesabu mbao za dari mpaka muadhini wa Ngamiani akohoe kwenye kipaza sauti. Shangazi, Mungu amweke, akaamua nina jini la baharini. Ubani ukafukizwa mpaka kanga zangu zote zikanuka, na kombe nikanywa, yale maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa. (Halikuwa baya, lina harufu ya marashi.)

Daktari nilimwogopa. Hapa Tanga ukitaja afya ya akili tu, mtu anakutania: "Kumbe wa Mirembe!", yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Wala sikupelekwa Dodoma. Daktari alinisikiliza, akasema ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, akaniandikia vidonge. Nikadhani vya usingizi, nitalala siku hiyohiyo. Wapi! Mara nyingi huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kusaidia, na huviachi ghafla kwa kuwa umejiona mzima. Wiki ya kwanza kichefuchefu tu, nusura nivitupe.

Wiki ya nne nikajikuta nimemaliza mbaazi na maandazi mawili, naomba la tatu. Shangazi akanitazama: "Haya, limetoka."

"Limetoka, shangazi."

Vidonge viko mkobani.