Sharti moja la haidrojeni

Nilikuwa natafuta kiyeyusho cha asili ya mimea kitakachoshika nafasi ya tolueni kwenye rangi. Tolueni inayeyusha vizuri na kukauka upesi, ila hutokana na mafuta ghafi na mvuke wake unadhuru ubongo.

Nilianza na vigezo vya Hansen, namba tatu zinazoeleza jinsi molekuli zinavyovutana. Vitu viwili vyenye namba za karibu huwa na tabia zinazofanana katika kuyeyusha. Limoneni ya maganda ya machungwa ilikaa umbali wa kama 2.8 tu kutoka tolueni, nikadhani nimefika. Lakini tolueni huchemka kwenye nyuzijoto 111 na limoneni 176. Rangi ingechelewa mno kukauka.

Nikaiachia programu ibuni molekuli yenyewe. Alama za kufanana na tolueni zilikuwa za juu, molekuli zenyewe hazifai: pete za atomu tatu zilizobanana, oksijeni mbili zilizoungana, yaani peroksaidi, na hizo hulipuka. Programu ilitii nilichoagiza. Sikuwa nimeiambia lolote kuhusu usalama, wala kwamba mtu lazima aweze kuitengeneza hiyo molekuli.

Nikageuza kazi, nikaanzia kwenye malighafi: furfurali na asidi ya levuliniki, zinazopatikana kwa kuvunja sukari za mabaki ya mimea. Kwa RDKit, programu huria ya bure, niliandika hatua chache za kikemia zinazojulikana na kuacha kompyuta izitumie kwa zamu. Ikanipa CC1CCCO1, ndivyo molekuli inavyoandikwa kwa SMILES, mfumo wa kuandika molekuli kwa herufi na namba; ni 2-methiltetrahaidrofurani. Inachemka kwenye nyuzijoto 80. Tena ni etha, yaani ina oksijeni iliyokaa kati ya kaboni mbili, na hapa ndipo nilipokaa siku nyingi. Kaboni iliyo jirani na oksijeni ikiwa na haidrojeni, hewa huishambulia polepole, peroksaidi zikajikusanya ndani ya chupa. Basi nikaweka sharti: kaboni zote mbili zinazopakana na oksijeni zisiwe na haidrojeni hata moja, nafasi zijazwe na methili, yaani kaboni moja yenye haidrojeni tatu.

Orodha ikasinyaa. Juu kabisa ilibaki CC1(C)CCC(C)(C)O1, yaani 2,2,5,5-tetramethiltetrahaidrofurani.

Kupekua majarida, nikakuta watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliichapisha mwaka 2017 kama mbadala wa tolueni. Huchemka kwenye nyuzijoto 112. Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kuwa wa kwanza, kwa sababu wao waliipima maabara na vichujio vyangu vilifika palepale. Jioni ileile nilivifungua tena, nikaweka lengo jipya: kutafuta mbadala wa kiyeyusho kingine, N-methilipirolidoni.